Risala unamsomea nani?



Nilipoanza kurekodi podikasti yangu ya historia ya Unguja, chumbani kwangu hapa Leicester, kipande cha kwanza nilimpelekea mama kwa simu. Nilijitayarisha wiki nzima, tarehe zote zimo, sentensi zimenyooka. Akasikiliza dakika tatu, akaniuliza: "Mwanangu, risala hiyo unamsomea Mkuu wa Wilaya?" Nilicheka, lakini iliniuma khasa. Habari zile nilizipata kwake yeye, na yeye ndiye hakuzitambua.

Ugonjwa huu haukuja na podikasti. BBC ilipoanza 1922, waliokuja kuzungumza redioni walikuwa maprofesa, wanasiasa na mapadri, watu waliozoea jukwaa na darasa. Wakafanya walichokijua: huyu anapaza sauti kama yuko mkutanoni, yule anasoma makala neno kwa neno. Aliyeliona kosa mapema ni bibi mmoja, Hilda Matheson. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifanya kazi MI5, baadaye akawa katibu wa Lady Astor, na 1926 akaingia BBC. Mwaka uliofuata akakabidhiwa idara nzima ya mazungumzo. Hoja yake ilikuwa nyepesi tu: msikilizaji hayuko ukumbini, yuko kwake, amekaa kitini, na akichoka anazima. Basi asemeshwe kama mtu aliyekaa nawe, asihutubiwe.

Sasa hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Matheson hakuwaambia watu waje waropoke lolote linalowajia! Mazungumzo yaliandikwa, kisha yakafanyiwa mazoezi mbele ya kipaza sauti, na sentensi iliyotungwa kwa ajili ya jicho ikavunjwa na kutungwa upya kwa ajili ya sikio. Ule usemaji wa kawaida uliwatoa jasho. Yuko atakayesema huo ni uigizaji. Mie naona kinyume chake: anayeigiza ni yule anayesema kwa lugha ya kitabu wakati nyumbani kwake hasemi hivyo hata siku moja.

Aliondoka BBC mwanzoni mwa 1932 baada ya kutoelewana na mkubwa wake, John Reith. (Baadaye ndiye aliyeshika ukatibu wa kazi ya Lord Hailey, An African Survey, iliyotoka 1938. Wangapi kati yetu tumekinukuu kitabu kile bila ya kumjua?)

Roosevelt naye, tarehe 12 Machi 1933, siku nane tu baada ya kuapishwa, mabenki ya Marekani yote yamefungwa, alikaa mbele ya redio akawaeleza watu benki inazifanya nini pesa zao. Karatasi ilikuwepo, tena imepita mikono kadhaa. Waliosikia walisikia jirani. Siku ya pili yake mabenki yakaanza kufunguliwa, na watu wakarejesha pesa.

Kwetu lakini kuna jambo Matheson hakulipigia hesabu. Sauti ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili 1954, redio haikusikilizwa na mtu peke yake na chai yake. Ilisikilizwa barazani, mmoja anaguna, mwingine anabisha, wa tatu anamalizia maneno ya mtangazaji. Kwa hiyo mie simfikirii msikilizaji mmoja. Namfikiria mama na jirani zake wawili, na mmoja wao ni mbishi.

Siku hizi nasimulia kwanza bila ya karatasi, najirekodi, halafu ndiyo naandika kutokana na nilivyosema. Tarehe natia mwisho. "Kwa mujibu wa" nimeifukuza, ingawa hurudi kwa mlango wa nyuma.

Kipande cha sita mama alikisimamisha katikati. Si kwa kuchoka. Alitaka kunambia nimekosea mtaa, nyumba ile haikuwa Kiponda, ilikuwa Malindi, na jirani yake akawa anabisha kwa nyuma. Nimerekodi upya.