Nyakomisaro Haina Kibao

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, nilirudi Kisii na muda mwingi kuliko pesa. Kutembea ni bure, kwa hivyo nikaanza kufuata Nyakomisaro, ule mto unaopita mjini kabla ya kuingia Riana, kisha Gucha, na mwishowe Ziwa Victoria.

Usitarajie njia ya watalii. Ni vijia vya wanaofua, wanaochota maji na wanaokata nepia ya ng'ombe. Kuna mahali migomba imeinamia maji na unasahau kabisa kuwa stendi ya matatu iko hapo juu tu. Ukisonga kidogo, ni chupa za plastiki na harufu ya majitaka.

Wazee bado wanaita mji huu Bosongo, yaani kwa Wazungu. Jina la zamani zaidi ni Getembe. Waingereza walivamia nchi ya Abagusii mwaka 1905, na mwaka 1907 wakaweka boma hapa. Januari 1908, kijana aliyeitwa Otenyo akamchoma mkuki mgongoni ofisa wao, Geoffry Northcote. Inasimuliwa kwamba Moraa, mganga na mwonaji, ndiye aliyemtia moyo.

Northcote alipona. Kilichofuata hakikumhusu Otenyo peke yake. Askari wa King's African Rifles walichoma nyumba, wakachukua ng'ombe kwa maelfu na kuua watu wengi, hadi Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, akaandika kulalamika kwamba wanauawa watu wasioweza kujitetea. Otenyo aliuawa, na mpaka leo watu husema kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Northcote? Alipanda cheo hadi akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937.

Septemba 1914 vita vya Wazungu vikafika hapa hapa. Wajerumani waliingia mjini, na tarehe 12 wakapigana na jeshi la Waingereza. Katika vurugu hiyo wenyeji wakavamia boma na misheni, wakabeba walichoweza. Waingereza waliporudi, waliwaadhibu.

Nilimwuliza magokoro wangu kama aliwahi kusikia habari za 1908. Hakuijua tarehe. Ila alisema nyanya yake, akiwa msichana mdogo, alijificha na mama yake kwenye matete ya mto wakati nyumba zinaungua, na watoto walizibwa midomo wasilie. "Mto ndio uliwaficha," akasema. "Na hayo maji tulikuwa tunakunywa hata mimi nikiolewa."

Shuleni nilisoma Vita vya Majimaji mpaka nikavikariri. Hakuna mwalimu aliyewahi kututembeza dakika ishirini mpaka mtoni.

Wiki iliyopita nilirudi. Kwenye kona moja mtu amepiga mabati mpaka kwenye maji, kijia kimeishia hapo. Mama mmoja mwenye ndoo ya nguo alisimama nyuma yangu, akaangalia mabati, akaguna, akageuka kutafuta njia nyingine.

Nikamfuata. Magokoro ana miaka themanini na kitu, na hiyo stori yake haijaandikwa popote. Sasa angalau imeandikwa hapa. Kama una nyanya, muulize kuhusu mto wa kwenu kabla nao haujafungwa.