Motokaa za Misuli na Kipimo cha Haki

Ewe msomaji, bila shaka umepata kuwasikia vijana wakibishana kando ya barabara juu ya motokaa ipi yenye nguvu kuzipita zote. Mmoja huisifu ya Marekani, wa pili ya Uingereza, wa tatu ya Ujerumani, na kila mmoja ana tarakimu zake kichwani. Mabishano hayo hayana mwisho, kwa kuwa wabishanaji hawajaulizana swali la kwanza: je, nguvu hizo zilipimwaje, na ni nani aliyezipima? Tuitazame basi historia ya zile ambazo Wamarekani waliziita motokaa za misuli, tuzilinganishe na za nchi nyingine, kisha tuone hukumu ya haki ni ipi.

Kwanza yafaa tujue asili ya kipimo chenyewe. Katika karne ya 18, fundi James Watt alitaka kuwauzia watu injini za mvuke. Wanunuzi wake walizoea kutumia farasi, kwa hiyo akawaeleza nguvu ya injini kwa hesabu ya farasi ambao ingeweza kushika kazi yao. Ndivyo lilivyozaliwa jina la nguvu za farasi. Zingatia jambo hili: tangu siku ya kwanza, kipimo hicho kilikuwa mikononi mwa mwenye kuuza.

Sasa twende Marekani, mwaka 1964. Kampuni ya General Motors ilikuwa imejiwekea sheria kwamba motokaa zake za ukubwa wa kati zisitiwe injini yenye ujazo unaozidi inchi 330. Mhandisi John DeLorean na wenzake wa tawi la Pontiac waliichukua injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, iliyotengenezwa kwa ajili ya motokaa kubwa, wakaitia katika motokaa ya kati. Ili wasikamatwe na sheria, hawakuiuza kama motokaa mpya, bali kama nyongeza ambayo mnunuzi aliweza kuiagiza. Wakaiita GTO. Ikiwa na kabureta tatu, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 348, na katika mwaka ule wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000. Wengine hawakukubali kuachwa nyuma. Mwaka 1966 Chrysler ilileta barabarani injini yake ya Hemi, lita 7, farasi 425. Na mwaka 1970 Chevrolet ikaleta Chevelle yenye injini ya lita 7.4, farasi 450.

Kwa nini Wamarekani walichagua injini kubwa namna hiyo? Kwa sababu petroli yao ilikuwa rahisi, barabara zao zilikuwa pana na zilizonyoka, na vijana waliozaliwa baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 walikuwa wengi na wenye fedha mfukoni. Mchezo walioupenda ulikuwa kushindana katika robo maili, bila kona hata moja.

Uingereza mambo yalikuwa mbali. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1947, serikali ya huko ilitoza kodi ya motokaa kwa kuangalia upana wa silinda. Mafundi wakajifunza kutengeneza injini zenye silinda nyembamba na ndefu, na kutafuta nguvu kwa ustadi pahali pa ukubwa. Jaguar aina ya E, iliyotokea mwaka 1961, ilikuwa na injini ya lita 3.8 tu, yenye shafti mbili za kufungulia vali zilizokaa juu kabisa ya injini. Ilitangazwa kuwa na farasi 265. Chukua kalamu upige hesabu: kila lita ya Jaguar ilitoa karibu farasi 70, na kila lita ya GTO ilitoa farasi 54. Basi ni ipi yenye nguvu zaidi? Ukihesabu jumla, GTO inashinda. Ukihesabu kwa lita, Jaguar inashinda.

Lakini pana jambo kubwa zaidi. Wahenga walisema: kila mwamba ngozi huivutia kwake. Viwanda vya Marekani vilizoea kuipima injini ikiwa peke yake juu ya meza ya majaribio, bila feni, bila kichujio cha hewa, na bila bomba lake la kawaida la kutolea moshi. Wajerumani waliipima ikiwa na vyombo vyote kama ilivyo ndani ya motokaa. Mwaka 1972 Wamarekani nao walianza kutangaza nguvu kwa njia hii ya pili. Tazama yaliyotokea: injini ya Corvette iliyoitwa LT-1 ilitangazwa kuwa na farasi 330 mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa na farasi 255. Je, wale farasi 75 walikimbilia wapi? Hawakukimbia popote, wengi wao hawakuwahi kufika barabarani. Kwa hiyo mtu akiweka farasi 450 wa Chevelle kando ya farasi 130 wa BMW 2002 tii ya mwaka 1971, yenye injini ya lita 2, amepima nguo mbili kwa mikono miwili isiyolingana.

Australia nayo ilikuwa na motokaa zake za misuli, nazo zilijaribiwa katika mashindano ya Bathurst, penye mlima na kona nyingi. Mwaka 1971 alishinda Allan Moffat kwa Ford Falcon GT-HO yenye silinda nane na lita 5.8. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, na kijana Peter Brock akashinda kwa Holden Torana ndogo, yenye silinda sita na lita 3.3. Barabara ilipolowa, wepesi na utulivu vilikuwa na thamani kuliko misuli.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tuliliona jambo hilo kwa macho. Katika Safari Rally ya mwaka 1964 zililetwa Mercury Comet kutoka Marekani, zenye injini za silinda nane. Matope na mashimo yetu hayakuziheshimu. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes, akiendesha Ford Cortina GT yenye injini ya lita moja na nusu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nyingi za motokaa hizo zilipewa nguvu kubwa bila kupewa breki na matairi ya kuzitosha, na vijana wengi waliziendesha hadi kaburini. Kampuni za bima zikapandisha malipo. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikavilazimisha viwanda kupunguza moshi wenye sumu. Huko Australia, mwezi wa Juni 1972, makelele ya magazeti na ya wakuu wa serikali yalivifanya viwanda viache mipango ya motokaa kali zaidi. Kisha, mwaka 1973, nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao, na petroli ikawa haba na ghali. Leo zipo injini za lita 2 zinazopita farasi 300, zilizopimwa kwa njia ya haki, na hazinywi petroli kama wazee wao.

Basi, msomaji, usiwacheke vijana wale wa kando ya barabara, bali wafundishe kuuliza. Ukiambiwa kwamba mbegu hii yatoa magunia mengi kuliko ile, uliza: katika ekari ngapi, na kwa mvua gani? Ukiambiwa kwamba shule hii imeishinda ile, uliza: kwa wanafunzi wangapi, na kwa mtihani upi? Anayekupa tarakimu bila kukuonyesha kipimo chake anakutaka uamini tu. Na wewe hukupelekwa shule ili uamini tu, bali upime.