Kuonyesha na Kuficha: Upangaji wa Maonyesho ya Makumbusho katika Nchi ya Meru na Embu

Neno makumbusho, kama wasomaji wa jarida hili wajuavyo, limetokana na kukumbuka wala si kuona. Maonyesho ndiyo yenye asili ya kuona, na katika shina hilo hilo limo pia neno kuonya. Ukoo huu wa maneno hautajwi hapa kwa kupamba makala. Katika nchi ya Meru na Embu, mtunza makumbusho anayepanga maonyesho hukutana na vitu ambavyo wazee waliwahi kuonya vikali visionekane, na jambo hilo huigusa kazi yake tangu hatua ya kwanza.

Kazi yenyewe, kwa jumla, haina siri. Mtunzaji huchagua wazo moja litakaloongoza maonyesho. Hufungua daftari la bohari aone ni vitu gani vimeandikishwa, vimetoka wapi na kwa mkono wa nani. Huvikagua kama vina ufa au wadudu. Huomba mikopo kwa makumbusho mengine. Huchora ramani ya ukumbi. Hupima nuru, ambayo kwa ngozi zilizotiwa rangi na kwa nguo haifai kuzidi luksi 50 hivi. Kisha huandika vibandiko vya maelezo. Mgeni anayeingia mlangoni huona tokeo tu, akadhani vitu vimejipanga vyenyewe.

Lakini kila upangaji una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa Joy Adamson kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, Wameru na Waembu wakiwamo. Picha nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na baadhi zilitokea katika kitabu chake cha mwaka 1967. Ni kumbukumbu yenye thamani, hasa kwa ushanga na ngozi zisizovaliwa tena. Hata hivyo, aghalabu mtu amesimamishwa peke yake, hana boma wala mwenzake, naye amegeuzwa kuwa mfano wa kabila. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, yalichukua njia nyingine: uani pamejengwa boma la Kimeru, na pamepandwa mimea ya dawa. Kwamba boma hilo limesimama nyuma ya ofisi ya mkoloni ni jambo ambalo kibandiko kimoja cha busara kingeweza kulieleza vizuri kuliko hotuba.

Sasa tuje kwenye lile gumu. Mwaka 1959 Bernardo Bernardi, padri na mwanaanthropolojia wa Kiitalia, alitoa kitabu juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru. Alieleza kwamba kwa Waimenti mkono wa kushoto wa Mugwe, wenye uwezo wa kubariki, ulifichwa daima chini ya vazi, na ilisadikiwa kwamba atakayeuona angekufa papo hapo. Mwaka uliofuata Rodney Needham, akitegemea maandishi ya Bernardi na ya wengine, aliandika makala mashuhuri juu ya mkono huo. Kwa hiyo mkono usioonekana Imenti ulikwisha kujadiliwa Oxford. Mtunzaji afanyeje? Kuchonga sanamu ya Mugwe yenye mkono wazi ni kosa. Kunyamaza kabisa nako ni kuupunguza utamaduni hadi ukawa vibuyu na mikuki. Kwa maoni yangu, vazi lililofunika mkono, pamoja na maelezo ya sababu ya kufunikwa, ndilo onyesho la kweli, kwa kuwa kufichwa huko ndiko maana yenyewe ya mkono. Nalo lisipangwe kabla ya kuwauliza wazee.

Kwa upande wa Embu, tatizo ni la namna nyingine. Msitu mdogo wa Mwenendega, karibu na Runyenjes, unaohusishwa na asili ya Waembu, hauwezi kubebwa ukumbini. Kilichopo ni maneno: masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na H. S. K. Mwaniki na kuchapishwa mwaka 1974. Mtunzaji mwenye masikio atayaanza maonyesho yake hapo, kisha ndipo atafute vitu. Ngoma ndefu za Wachuka nazo, zinazopigwa zikiwa katikati ya miguu ya mpigaji, zikiwekwa kabatini bila sauti hubaki magogo tu.

Yapo pia mambo ya vitu visivyokuwapo. Mradi wa pamoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wa Ujerumani uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo, na katika maonyesho ya Nairobi ya mwaka 2021 yaliwekwa makabati matupu. Wapangaji waliona kwamba pengo nalo lastahili nafasi katika ramani ya ukumbi.

Hatimaye kuna kibandiko, na hapa wanaisimu tunahusika. Kiandikwe kwa lahaja gani, Kiimenti au Kitigania? Watharaka na Wachuka waitwe Wameru, au watajwe peke yao? H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya huko Meru katika miaka ya 1930 na ambaye wengi wetu twamjua kwa uchunguzi wake wa Kivumba wa mwaka 1957, aliitambua Njuri Ncheke na kuitumia katika utawala. Baraza hilo lingali likikaa, na nyumba yake i Nchiru. Kibandiko kinachosema kwamba Njuri Ncheke «iliamua» kesi za ardhi, pale ambapo kingesema «huamua», huliua baraza kwa kiambishi kimoja, mbele ya wajukuu wa wanaoketi humo.