Uvimbe wa tezi ya pituitari: Upasuaji au kusubiri?

Tezi ya pituitari ina ukubwa unaokaribia punje ya njegere, lakini huongoza tezi nyingine kadhaa mwilini. Ipo chini ya ubongo, nyuma ya pua, na homoni zake husimamia ukuaji, uzazi na utoaji wa maziwa ya mama.

Uvimbe unaoota katika tezi hiyo kwa kawaida si saratani. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 10 anao, na wengi hawajui. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, mtu anapopigwa picha ya MRI kwa sababu nyingine. Hapo ndipo swali huzuka: uondolewe au uachwe?

Mambo matatu

La kwanza ni ukubwa. Uvimbe usiofikia milimita 10 huhesabiwa kuwa mdogo. Ikiwa hautoi homoni, aghalabu haukui, na madaktari hushauri kusubiri.

La pili ni homoni. Uvimbe unaotoa prolaktini kwa wingi hutibiwa kwanza kwa vidonge vya kabergolini au bromokriptini, hata ukiwa mkubwa. Lakini unaozidisha homoni ya ukuaji, hadi mikono, miguu na taya kupanuka, au unaosababisha kotisoli kupita kiasi, kwa kawaida hutakiwa kuondolewa.

La tatu ni macho. Mishipa ya fahamu ya macho hupita juu tu ya tezi. Uvimbe ukiibana, mgonjwa hupoteza taratibu uwezo wa kuona vitu vilivyo pembeni. Katika hali hiyo, kuchelewa kunaweza kumgharimu uoni wake.

Kusubiri si kupuuza

Anayesubiri hubaki chini ya uangalizi. MRI hurudiwa baada ya miezi 6 kwa uvimbe mkubwa, au mwaka 1 kwa mdogo; usipobadilika, muda kati ya vipimo huongezwa. Mwenye uvimbe mkubwa hupimwa pia damu, na macho ikiwa uvimbe umeikaribia mishipa yake.

Upasuaji wenyewe

Fuvu halifunguliwi, isipokuwa mara chache. Daktari hupitia puani, njia iliyotumiwa kwanza na Hermann Schloffer mjini Innsbruck, Austria, mwaka 1907. Leo wengi hutumia kamera nyembamba.

Hatari zipo: maji ya ubongo kuvuja puani, homa ya uti wa mgongo, kiu na mkojo mwingi kupindukia, au tezi kushindwa kazi na mgonjwa kulazimika kutumia homoni maisha yake yote. Uvimbe pia huweza kurudi. Kwa hiyo ni haki ya mgonjwa kumuuliza daktari amefanya upasuaji huo mara ngapi.

Umri nao huzingatiwa. Mzee asiye na dalili anaweza kuishi na uvimbe wake salama. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hupaswa kumweleza daktari mapema, kwani tezi hutanuka wakati wa ujauzito.

Dalili ya dharura ni maumivu makali ya ghafla ya kichwa, pamoja na kutapika, kutoona vizuri au kope kuanguka. Huenda uvimbe umevuja damu, na mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.

Anayehamia nchi nyingine achukue picha zake za MRI, si maelezo ya maandishi pekee. Bila picha ya zamani, daktari mpya hana cha kulinganisha.