Violojeni: rangi ya laboratware iliyofika mu mashamba yetu



Kila mtu aliyepita mu auditware ya agronomi anakumbuka jina Michaelis. Ile ekwasyo yake na Maud Menten, ya 1913, ilitutoa jasho sisi wote. Lakini kuna kazi yake ingine ambayo siye hatukufundishwaka, na njo nataka tuiongelee leo, sababu inahusu dawa ya kuunguza majani ambayo walimaji wengi wanabeba mu pompi bila kujua ni nini: parakwati.

Molekuli yenyewe ni ya zamani. Mu 1882 Hugo Weidel na mwenzake Russo waliitengeneza mara ya kwanza. Ni pete mbili zilizoshikana, kila moja iko na atomu moja ya azoti, na kila azoti inabeba chaji ya pozitifu. Waliandika matokeo yao, kisha kitu kikalala miaka 50 hivi.

Michaelis aliiamsha mu 1933. Alikuwa ameshatoka Ujerumani, akipitia Japani, na sasa alikuwa anafanya kazi kwa Rockefeller Institute, New York. Alikuwa anatafuta rangi za kupima namna chembe hai zinapeana elektroni, sawa vile karatasi ya pH inatuonyesha asidi. Yeye na Hill waliona kama ukiipa ile molekuli elektroni moja, maji yanageuka zambarau nzito. Ikikutana na oksijeni, rangi inapotea. Njo wakaiita violojeni, juu ya ile rangi. Wakati ule wakemia wengi hawakupenda kusikia kama molekuli ya kaboni inaweza kupokea elektroni moja tu na kubaki imesimama. Michaelis aligombana nao miaka mingi. Alikuwa na haki.

Sasa shika hii vizuri: oksijeni ikichukua ile elektroni, violojeni inarudia hali yake ya kwanza. Haikuharibika. Ni kama motari: anabeba muzigo mumoja, anautupa, anarudi mikono mitupu, anabeba mwingine. Na huyu motari hachokake.

Kwa miaka zaidi ya 20 ilibaki kitu ya laboratware. Kisha mu 1955, mu kituo cha Jealott's Hill kule Uingereza, watu wa kampuni ya ICI waliokuwa wanajaribu bidhaa nyingi juu ya mimea walikuta kama molekuli za hii jamaa zinakausha majani. Mu 1962 parakwati ikaingia sokoni.

Inafanya nini mu jani? Jua linasukuma elektroni kupitia klorofili, na mwisho wa fotosistemi ya kwanza hizo elektroni zingefaa ziende kutengeneza sukari. Parakwati inasimama pale na kuziiba. Inazipeleka kwa oksijeni, oksijeni inageuka superoksidi, kisha maji ya oksijeni, kisha vitu vikali zaidi vinavyopasua ngozi ya seli. Jani linakauka siku moja tu kama jua ni kali. Kwa giza kazi inaenda polepole, sababu hakuna mwanga wa kusukuma elektroni. Kwa hiyo si sumu inayoliunguza yenyewe moja kwa moja: jani linaunguzwa na jua lake na oksijeni yake.

Tuseme ukweli pia, walimaji waliipenda kwa sababu ya maana. Mukumbuke kosi ya udongo na CEC: zile chaji mbili za pozitifu zinanasa juu ya udongo wa mufinyanzi, zinashikwa pale, na mbegu inaweza kupandwa haraka bila kuungua. Kwa mtu mwenye kulima mulima, kuondoa majani bila kupindua udongo ni kupunguza mumomonyoko. Nani amelima na jembe mu hekta nzima ya majani atanielewa.

Lakini mapafu ya mtu yanaivuta parakwati, sababu seli zake zinaifananisha na poliamini, vitu ambavyo zimezoea kupokea. Ikishaingia mule, motari anaanza kazi yake ileile, na oksijeni iko mingi. Mu 1966 madaktari walikuwa wanaandika tayari juu ya watu waliokufa kwa kuikunywa bila kujua. Hakuna dawa ya kuizuia mpaka leo, na hata oksijeni ambayo tunampaka mugonjwa anayekosa pumzi inaweza kuongeza moto. Baadaye watengenezaji waliweka rangi ya buluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha. Ilisaidia kiasi, lakini watu waliendelea kufa.

Sweden iliikataza mu 1983. Tarehe 11 mwezi wa 7, 2007, tribinali ya Ulaya, Luxembourg, ilifuta ruhusa yake, na ni Sweden iliyofungua kesi. Lakini kiwanda cha Huddersfield, Uingereza, kiliendelea kuitengeneza na kuituma inje miaka mingi. Mimi hiyo nashindwa kuimeza: mulimaji wao hana haki ya kuigusa, wetu anauziwa. Na wanaosema bila hiyo mavuno yataanguka, waangalie Korea ya Kusini. Waliondoa ruhusa mu 2011, mauzo yakasimama 2012, vifo vya watu kujiua na dawa za shamba vikashuka karibu nusu, na watafiti hawakuona mavuno kupungua.

Ajabu ni kama hii jamaa ya violojeni bado iko na kazi nzuri. Kuna vioo vya motokari vinavyofifia vyenyewe usiku mwanga ukivipiga: mule ndani kuna violojeni inayopokea elektroni na kuzirudisha. Toka miaka ya 2010 wanazijaribu pia mu batri kubwa za majimaji za kutunza moto wa jua, ili tusitegemee tu metali. Sisi wa nchi ya kobalti tungefaa tufuate hiyo kwa makini.

Nirudie kwa soko. Dawa hizi wanazigawanyaka kutoka bidoni kubwa, wanazitia mu chupa za jus na za maji, bila etiketi, na mama anabeba pamoja na unga mu kapo moja. Rangi ya buluu haisaidii kitu kama mutoto hajui kusoma na chupa ni ya Fanta. Siye tuko pale kama agronome, tunapita, tunasalimia. Kuanzia mwezi huu mimi nauliza kila muuzaji anionyeshe bidoni yenyewe, na nasoma jina la molekuli kwa sauti mbele ya wanunuzi. Mwenye kukuta parakwati mu soko la kwake aandike hapa chini ni soko gani na inauzwa mu chombo gani.