Kidonge cha shosho kilianzia kwa nyoka

Wasee, ile enalapril iko kwa kabati ya shosho wako, msiiite tena "dawa ya wazungu" tu. Historia yake inaanzia Brazil, kwa nyoka anaitwa jararaca.

Jararaca akikuuma, presha inaweza kushuka vibaya. Mwaka wa 1949, Maurício Rocha e Silva na wenzake waliripoti kwamba sumu yake ikikutana na damu, inatokea bradikinini, kitu kinacholegeza mishipa. Mwanafunzi wake, Sérgio Ferreira, akaendelea kuchimba. Mwaka wa 1965 akachapisha jibu: ndani ya sumu hiyo hiyo kuna kitu kinachoipa bradikinini nguvu zaidi.

Ferreira akabeba sumu yake hadi London, kwa maabara ya John Vane. Huko ndiko mambo yaliungana. Kwa kuta za mishipa yetu kuna enzaimu inaitwa ACE. Inatengeneza angiotensini II, inayobana mishipa, na pia inavunja bradikinini. Mishipa ikibanwa, presha inapanda. Kumbe sumu ya jararaca ilikuwa inaizuia ACE!

Vane akaishawishi kampuni ya Marekani, Squibb. Shida moja: kile kitu cha sumu kilihitaji sindano, kwa sababu ukikimeza tumbo linakisaga kama chakula. Basi David Cushman na Miguel Ondetti wakaunda molekuli ndogo ya kumeza, captopril, mwaka wa 1975. Marekani ikaiidhinisha 1981. Enalapril ikafuata nyuma yake. Na kama shosho anakohoa kikohozi kikavu tangu aanze dawa, inaweza kuwa ni hiyo bradikinini inarundikana. Asiache dawa kivyake, amwambie daktari.

Sasa hapa ndipo mimi huumia. Nyoka ni wa Brazil. Swali la kwanza liliulizwa Brazil. Lakini hataza, ile haki ya kuuza dawa peke yako, ilikuwa ya Squibb. Sisemi Cushman na Ondetti waliiba, kazi yao ilikuwa ngumu kweli. Nasema kati ya swali na kidonge kuna maabara, pesa na mawakili, na mwenye hivyo ndiye huvuna.

Kenya tuna nyoka, tuna mimea, tuna vijana wenye digrii za kemia wanaouza mitumba. Mwanasiasa akikuja kuomba kura, muulize: maabara yetu iko wapi?