Historia fupi: MySQL, MyISAM na InnoDB

Wasomaji, leo historia kidogo, maana kuna seva ambazo zinaweza kuwa bado zinailipia.

MySQL ilianza mwaka 1995 huko Uswidi, kazi ya Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson. Miaka ya 2000 tovuti nyingi za PHP ziliitumia, na ukiunda jedwali bila kutaja injini, ulipewa MyISAM. Ilisoma data haraka, lakini haikujua miamala. Toa shilingi 500 kwenye akaunti ya Ali, stima ipotee kabla hujaziingiza kwa Wanjiku, na pesa zimepotea. Hata ROLLBACK haikurudisha kitu.

Dawa ilipatikana tangu 2001: InnoDB, iliyobuniwa na Heikki Tuuri wa Ufini. Hii huandika mabadiliko kwenye logi kwanza, kwa hivyo seva ikizimika ghafla, ikiwaka tena hufuta kazi iliyoachwa katikati.

Mwaka 2005 Oracle ilinunua Innobase, kampuni ya Tuuri. Mwaka 2008 Sun ilinunua MySQL AB kwa takriban dola bilioni 1. Januari 2010 Oracle ikaimeza Sun, vyote viwili vikawa mkononi mwake. Desemba hiyo, toleo la 5.5 likaifanya InnoDB injini ya kawaida.

Lakini kumbuka: kupandisha toleo hakukubadilisha majedwali ya zamani. Andika SHOW TABLE STATUS. Ukiona MyISAM kwenye jedwali la pesa, weka nakala ya akiba kwanza, kisha ulibadilishe kwa ALTER TABLE, ukitaja ENGINE=InnoDB.